Kaseti ya pipa la nepi: kuibadilisha vizuri, na la kufanya zikikwisha Lamu

Swali:

Shikamoo bibi muuguzi. Niko Lamu, mtaa wa Mkomani, namuuguza mama aliyepooza upande mmoja tangu mwaka jana. Dada yangu aliyeko ng'ambo alituletea pipa la nepi la kuzuia harufu, lile ambalo mfuko wake hutoka mfululizo kwenye kaseti ya duara. Kaseti ya kwanza aliiweka mwenyewe na chumba hakikunuka kabisa. Ilipokwisha nikaweka ya pili mimi. Tangu siku hiyo mfuko unakwama, unapasuka, na harufu imejaa ndani. Wageni wakija kumjulia hali, mama anaona haya na ananiambia niwazuie nje. Nimefukiza ubani mpaka amekohoa. Imebaki kaseti moja tu, na hapa haziuzwi. Nimekosea wapi, na hiyo ikikwisha nifanyeje?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu, na wewe pia pokea pole, maana anayeuguza naye huchoka.

Mfuko kukwama, mfuko kupasuka, na harufu kuanza siku ileile ya kubadilisha: mambo hayo matatu yakija pamoja, kaseti huwa imewekwa juu chini, na fundo la chini ama halikufungwa ama limefungwa legelege. Nimeyakuta haya katika nyumba nyingi, Malindi na huko kwenu, kwa watu waangalifu kabisa. Kaseti haina sura ya kukuonyesha kichwa chake kiko wapi. Ni duara la plastiki lenye tundu katikati, na kwa asiyeizoea pande zake zote mbili ni sawa.

Ukielewa kilichomo ndani yake hutakosea tena. Mle hamna mifuko mingi, bali mfuko mmoja mrefu usio na kitako, bomba la plastiki nyembamba lililokunjwa marinda marinda na kushindiliwa ndani ya duara. Upande wa juu una mwanya mwembamba unaozunguka, na hapo ndipo plastiki hutokea. Mwanya ukielekea chini, plastiki hulazimika kupinda ukingoni kabla ya kupanda, ikakwaruzwa kila unapoivuta. Mwanzo huoni kitu. Baadaye hupata tundu la ukubwa wa kichwa cha sindano, na kwa harufu tundu hilo ni mlango. Kwa kuwa mfuko hauna kitako, kitako chake ni fundo unalolifunga wewe. Fundo likilegea, umeweka nepi kwenye bomba lililo wazi chini.

Kwa hiyo usiitupe kaseti ya pili. Bado ni nzima, isipokuwa ile sehemu iliyokwaruzwa.

Vaa glavu, fungua pipa, ukate mfuko juu kidogo ya mzigo wa nepi. Mapipa mengi yana kiwembe kilichofichwa kwenye kifuniko au mdomoni mwa pipa. Kama lako halina, mkasi unatosha. Kusanya mdomo wa mzigo, usokote, funga fundo, kaza, utoe nje. Kisha inua kaseti, itazame vizuri, uirudishe na mwanya wa plastiki ukiwa juu. Kaseti nyingi zina mshale au maandishi yanayosema upande wa juu ni upi. Ukishauona, upake alama ya rangi ya kucha ili usiutafute tena usiku.

Vuta plastiki itoke urefu wa dhiraa moja, kiwiko hadi ncha za vidole. Kata uitupe ile iliyokwaruzwa. Hapo ndipo penye kazi yenyewe: kusanya ncha yote mkononi, isokote mpaka iwe kama kamba, ufunge fundo ukilivuta kwa nguvu, halafu funga la pili juu ya la kwanza. Usiliamini kwa macho. Nasa hewa kidogo ndani ya mfuko, kamata juu kwa mkono mmoja, minya, ulisogeze fundo karibu na shavu lako. Ukihisi upepo hata mwembamba, fungua ufunge upya. Shavu huhisi upepo ambao vidole vya glavu haviuhisi.

Fundo likishakubali, literemshe katikati ya tundu la kaseti, lipite kati ya zile taya za pipa zinazobana, mpaka lining'inie chini. Sukuma plastiki kwa ngumi polepole ifanye kikapu cha kupokea nepi ya kwanza. Funga kifuniko. Ukivuta tena kidogo, plastiki iteremke kimya. Ikikwaruza au ikija kwa vishindo, fungua, tazama tena, usilazimishe.

Mfuko ukijaa, siku zote kata juu ya mzigo, funga mdomo wa mzigo, na papo hapo funga fundo jipya kwenye ncha inayobaki kwenye kaseti, kabla ya kuutoa mzigo nje. Watu husahau fundo hili la pili kwa sababu akili yote iko kwenye kuutoa ule mzigo unaonuka. Anayekuja kuweka nepi baadaye hajui, huitupa, nayo huanguka moja kwa moja kwenye plastiki ya pipa. Pipa likishaingiwa na mkojo wenyewe, kaseti mpya haitalisafisha.

Sasa kuna jambo ambalo dada yako pengine hakulifikiria, kwa nia njema kabisa. Mapipa mengi ya aina hii yametengenezwa kwa nepi za watoto. Kwenye boksi la kaseti ya Diaper Genie, kwa mfano, huandikwa kwamba inatosha nepi 270, lakini hizo ni za mtoto mchanga, ambazo zikikunjwa zinaingia kiganjani. Nepi ya mtu mzima iliyolowa ni kubwa kama mkate na nzito. Basi usishangae kaseti kwisha upesi, na usilaumu mkono wako. Jambo la kuangalia ni taya: nepi kubwa ikisukumwa nusu nusu hubaki katikati ya taya, taya hazifungi, na harufu hupanda wakati kifuniko kinaonekana kimefungwa. Viringisha nepi kwa kuibana, ianzie mbele kwenda nyuma, ifunge kwa gundi zake zenyewe, uisukume mpaka ipite yote. Yako mapipa yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, kama Akord ya Janibell, yenye mdomo mpana na kanyagio la mguu. Lakini hilo ulilonalo litafanya kazi ukilihudumia.

Nikueleze kidogo harufu inatoka wapi, maana ukijua utapunguza kazi ya kaseti kwa nusu.

Mkojo wa mtu mzima wa afya, ukitoka tu, haunuki sana. Una urea. Bakteria walioko kwenye ngozi na kwenye choo kikubwa huivunja urea ikawa amonia, ile inayochoma pua, na kazi hiyo huenda mbio kwenye joto. Kaskazi ya Januari na Februari, chumba cha ndani cha nyumba ya mawe kikiwa hakina dirisha, nepi ya asubuhi inanuka sana kufika alasiri. Choo kikubwa kina harufu zake nyingine, za salfa na za kemikali iitwayo skatoli, na hizo ni nzito zaidi kuliko amonia na huganda kwenye kitambaa. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya pipa lolote, ni kukitupa choo kikubwa chooni. Inamisha nepi juu ya choo, kung'uta, kifute kwa karatasi, halafu viringisha. Nepi yenyewe usiitupe chooni hata siku moja. Punje za ndani zinazonyonya maji huvimba zikawa donge, na choo cha nyumba ya kale kikiziba unaijua kazi yake.

Watu wengi huniuliza juu ya magadi ya kupikia. Hayo ni mazuri kwa harufu chachu, ila amonia si chachu, ni kinyume chake, kwa hiyo magadi hayaishiki. Kinachoishika amonia ni kitu kichachu: ndimu au siki. Kipande cha kitambaa kilicholoweshwa maji ya ndimu, kikakamuliwa na kuwekwa chini ya pipa nje ya mfuko, hufanya kazi kuliko kopo zima la magadi. Kibadilishe kila siku kabla hakijaota ukungu. Mapipa mengine yana kichujio cha kaboni kwenye kifuniko. Hicho hushika zile harufu za salfa, na kikishajaa hakifuliwi, hubadilishwa. Makaa ya jikoni yaliyopondwa ndani ya kitambaa husaidia kidogo, lakini si sawa na kaboni ya kichujio, ambayo imetengenezwa iwe na vitundu vidogo visivyohesabika.

Ubani nao, mwanangu, acha kwa sasa. Najua nyumba ya Lamu bila chetezo jioni haijakamilika, na najua unautumia kwa heshima ya wageni. Lakini ubani hauondoi harufu, unaipandia juu, na moshi katika chumba cha mtu aliyepooza ni hatari kwa kifua. Mtu wa kiharusi mara nyingi hana nguvu ya kukohoa na kutoa kilichomo. Fukiza kwenye daka, pale kibarazani mlangoni, kabla wageni hawajaingia, mbali na kitanda. Na kama mama hukohoa pia anapokunywa maji au uji, usilichukue hivi hivi, mpeleke aonwe jinsi anavyomeza.

Hapa nakuomba unisikilize sana. Usimwage klorini, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwenye pipa lenye mkojo. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kazi, niliosha ndoo ya mgonjwa kwa njia hiyo, katika bafu dogo lisilo na dirisha, nikidhani nazidisha usafi. Macho yaliwaka, kifua kikabana, nikatoka mbio na kukaa kizingitini mpaka jioni. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu. Ikikutana na siki au ndimu hutoa nyingine, mbaya vilevile. Kwa hiyo osha kwanza kwa sabuni na maji mengi, suuza mpaka pasiwe na harufu wala utelezi. Ukitaka kutumia klorini baada ya hapo, iwe peke yake, kidogo, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, penye hewa, na siku hiyo ndimu ikae jikoni.

Pipa lioshwe mara moja kwa wiki, likauke kabisa kabla ya kurudishiwa kaseti. Taya zifute kwa kitambaa, maana punje za nepi hunata hapo na kuziachia mwanya. Kwenu kuna jambo moja zaidi: hewa ya chumvi hula springi. Taya ikianza kuwa nzito kurudi, tazama springi kama imeshika kutu, isafishe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, upake tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yatachacha na kuongeza harufu nyingine.

Liweke wapi? Si karibu na kichwa cha kitanda, na si bafuni kando ya birika la maji ya kuogea, penye unyevu siku zote. Kwenye nyumba za Mkomani nimeona panapofaa zaidi ni ukumbini upande wa kiwanda, kivulini, upepo unapopita. Jua likilipiga pipa, yaliyomo huvimba gesi na taya haziwezi kuizuia.

Kaseti ya mwisho nayo iache ndani ya kifungashio chake cha plastiki mpaka siku ya kuitumia, kwenye kopo lenye kifuniko. Sababu ni hii. Mfuko wa kawaida wa polithini huzuia maji, lakini harufu hupenya taratibu ndani ya plastiki yenyewe hata isipotoboka. Ndiyo maana mifuko mingi ya kaseti imetiwa tabaka jembamba la plastiki nyingine, iitwayo EVOH, katikati ya matabaka ya polithini. Hiyo ndiyo inayozuia harufu. Ila ina udhaifu: ikinywa unyevu nguvu yake hupungua. Huku kwetu pwani unyevu haukosi, basi usiiache wazi juu ya kabati miezi mitatu ukiingoja.

Tuje kwenye swali lako la pili. Kaseti zikikwisha, pipa halijafa. Duara tupu la kaseti usilitupe, ni kishikio chako. Chukua mfuko mkubwa wa taka, mnene, ule wenye kitako. Upenyeze kwenye tundu la duara kutoka juu, uache mdomo wake juu, kisha upindue mdomo huo nje ya duara uushike pande zote kama unavyofunika mdomo wa mtungi kwa kitambaa. Rudisha duara mahali pake, sukuma mfuko upite kwenye taya. Sasa una pipa la mfuko mmoja mmoja. Ukijaa unautoa wote na kuweka mwingine. Hauzuii harufu kama wa kaseti, kwa hiyo utoe kila siku hata ukiwa nusu, na kila nepi izungushie gazeti kuukuu kabla ya kuitia. Gazeti hunywa unyevu, na bakteria hustawi penye unyevu.

Mfuko huo ununue ule unaouzwa madukani kama mfuko wa taka, wenye jina la mtengenezaji. Majuala, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea, yalipigwa marufuku Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na hata ungeyapata ni membamba mno. Mifuko inayooza pia haikufai kwa nepi. Ikikaa na joto na unyevu hulegea na kuchanika mkononi. Hiyo ni ya maganda na mabaki ya jikoni, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, iliagiza Aprili 2024 kwamba taka za aina hiyo zitiwe humo. Kwa hiyo taka za jikoni na nepi usizichanganye.

Na ukitaka shauri langu la dhati, punguza nepi zenyewe. Mchana, mama akiwa ameamka na wewe uko karibu, mtandikie mpira wa kitanda na juu yake kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, mfano wa winda la mtoto lakini kipana. Mpeleke chooni au mwekee besheni kwa saa maalumu, baada ya chai, kabla ya adhuhuri, baada ya kulala mchana. Wagonjwa wengi wa kiharusi hurudi kuzoea saa hizo wakisaidiwa. Nepi iwe ya usiku na ya safari. Ngozi yake itapata hewa, nawe utatumia nepi mbili badala ya tano. Ukiona wekundu usiopotea ukibonyeza, kwenye makalio au kisigino, hicho ni kidonda kinaanza, usingoje.

Vilevile ujue harufu si ya pipa siku zote. Mkojo ukibadilika harufu ghafla, ukawa na ukungu au rangi nzito, au mama akapata homa au kuchanganyikiwa maneno, huo huenda ni ugonjwa wa njia ya mkojo au upungufu wa maji. Watu huwanyima wagonjwa maji ili nepi zisijae. Naliona mara nyingi na linaniuma. Mpe maji.

Mzigo ukitoka ndani, usiulaze mlangoni usiku. Paka wa Lamu wataupasua kabla ya alfajiri, na punda hula kinachobaki. Plastiki humziba punda matumbo, akafa kwa maumivu. Uweke kwenye ndoo ngumu yenye kifuniko kizito, uutoe asubuhi mzoa taka anapopita. Usiuchome, moshi wake utaingia madirishani mwa jirani kabla ya kwenda popote, maana vichochoro vyenu havina upana wa kuutoa. Na usimpe mtoto akautupe ufuoni.

Dada yako akitaka kutuma kaseti nyingine, mwambie asinunue kwa sura. Geuza pipa, soma jina na namba iliyochapwa chini yake, mpigie picha umtumie. Kaseti za kampuni moja haziingii kwenye pipa la nyingine hata zikilingana kwa macho, na hata kampuni moja huwa na za maduara mawili. Mpimie pia kipenyo cha tundu kwa rula. Akiwa na fedha ya ziada, badala ya kaseti kumi namwomba akuletee mipira mizuri ya kitanda ya kufulika, mikubwa miwili, ili mmoja ukianikwa mwingine uwe chini ya mama.

Leo, kabla ya yote, igeuze hiyo kaseti. Ukimaliza, osha mikono, ufungue mlango wa kiwanda, umwambie mama wageni wa kesho waingie.